Kati ya yai na chai kuna bahari

Kwetu mtu akikuuliza asubuhi "umekunywa chai?" haulizi habari za chai. Anauliza kama umekula. Unaweza ukawa umekula mihogo na kachumbari ukashushia maji, utajibu "nimeshakunywa", na unaweza ukawa umemaliza vikombe viwili ukajibu "bado, nimekunywa chai tupu". Mi nimeongea hivi miaka 38 na sikuwahi kuona tatizo lolote mpaka siku daktari aliyenikata tumbo aliponiambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba kuanzia sasa kula na kunywa ni vitu viwili na havikutani. Ukila usinywe. Ukinywa usile. Ukishamaliza kula subiri nusu saa.

Nikamuuliza, na asubuhi je? Akasema na asubuhi.

Ngoja niseme kuhusu tumbo lenyewe kwanza maana wengi mnaniuliza pembeni. Nilifanya slivu, yani operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, miezi 14 imepita. Nilikuwa kilo 128 na urefu wangu sentimita 162, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) inakaribia 49, sukari ilishaanza kupanda na magoti yalikuwa yananiamsha usiku. Kwenye slivu wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama asilimia 75 mpaka 80, wanaitoa nje kabisa, unabakiwa na kimfuko chembamba kirefu kama ndizi. Sio kama lile puto la tumboni ambalo hospitali ya Mloganzila walipoanza kuliweka mji mzima uliongea, puto linapitishwa mdomoni na baada ya miezi linatolewa. Slivu hairudi. Kipande changu sijui hata walikitupa wapi.

Sasa kile kipande kinachotolewa ndo kilikuwa kinatengeneza sehemu kubwa ya homoni ya njaa, inaitwa ghrelini. Hili niliambiwa kabla, nikalisikia vizuri, na bado sikulielewa. Nilidhani njaa itapungua. Kumbe kwa miezi ya mwanzo njaa ilihama kabisa, yani unaamka asubuhi tumbo limenyamaza kama nyumba waliyohama wapangaji. Mtu ambaye zamani nilikuwa naota chapati nikiwa usingizini, naamka, naoga, navaa, natoka, na mdomo haujagusa kitu wala sioni kama kuna kilichopungua. Nilifurahi sana. Nilikuwa najisifu ofisini, "mi siku hizi asubuhi sili".

Ujinga ule ulinigharimu, ntafika huko.

Wiki za kwanza sina cha kusimulia, ni vimiminika tu, afu vya kusagwa, afu vilaini, ukitoka hapo ndo unaanza chakula cha kutafuna. Uji mwepesi, supu iliyochujwa, maziwa. Muda ule kula ni kunywa na kunywa ni kula kwahiyo sheria ya nusu saa haikuniuma. Iliniuma wiki ya saba.

Mama alikuwa amekuja kutoka Bagamoyo kuniuguza, na siku hiyo aliona nimechangamka akakaanga maandazi. Akapika na chai ya maziwa, iliki, tangawizi. Jamani. Mtu ambaye hajakulia huku pwani sijui kama atanielewa, ila kuna kitu kinaitwa kuchovya. Unalichovya andazi, linanyonya, linakuwa zito, una kama sekunde mbili za kulifikisha mdomoni kabla halijakatika likazama, na likizama pia sio hasara maana kuna kijiko, na yale makombo ya chini ya kikombe yaliyolewa chai ndo matamu kuliko yote. Nikasema moja tu, nachovya moja, nani ataona.

Nilipofika nusu nikapiga chafya. Baadaye nimekuja kujua chafya ndo kengele yangu ya kushiba, wengine ni kwikwi, wengine pua inachuruzika, ila siku hiyo sikujua nikaongeza kipande. Pakabana hapa katikati ya kifua kama nimemeza kokwa la embe. Afu mate yakaanza kujaa, mate mepesi yenye mapovu, natema hayaishi, nusu saa nzima nimeinamia beseni, mwisho likatoka donge vilevile lilivyoingia. Mama amesimama mlangoni na mwiko mkononi ananiuliza, "Mwanangu, wamekufanyia nini hawa watu?"

Nilichokuja kuelezwa ni kwamba unga wa ngano ukiloa unakuwa kama gundi, kwenye mfuko mpana unapita tu lakini kwenye kile kindizi unaziba. Mkate mweupe laini ndo mbaya zaidi, bora hata ule uliokaushwa kwa moto. Na chai juu yake ikikuta njia imejaa inarudi juu, au isiporudi inakisukuma chakula kishuke haraka na baada ya saa moja unatafuta tena cha kula, halafu unashangaa mbona mzani hausogei. (Na kama unatapika siku kadhaa mfululizo baada ya operesheni usikae nyumbani ukajitibu na tangawizi, rudi hospitali. Vitamini B1 inaisha mwilini haraka na ikiisha inaharibu mishipa ya fahamu, hili sio la kuchekea.)

Basi nikaogopa. Na uoga ukikutana na tumbo lisilo na njaa unapata mtu anayeacha kula asubuhi kabisa. Nilirudi kazini, naamka saa kumi na moja, naondoka Kigamboni, navuka bahari kwa pantoni, nafika Posta katikati ya Dar, nakaa kwenye meza mpaka saa nne.

Saa nne ya ofisini mnaijua. Hata awepo bosi mkali vipi, saa nne kamili korido inakuwa nyeupe, watu wote wako kwa mama ntilie, supu na chapati mbili, mihogo, viazi, chai. Nilikuwa naenda nao kwa ajili ya stori. Siku moja nimesimama kwenye foleni nikaona vile vibakuli vya supu vinasogea mbali, masikio yakaziba, nilipozinduka nimekaa chini na dada wa supu ananipepea kwa mfuniko wa sufuria. Watu wakasema mimba. Haikuwa mimba, nilikuwa sijala tangu saa mbili usiku, masaa 14 bila chakula, na hata hiyo saa mbili nilikula vijiko sita vya maharage.

Nilirudi kliniki nikaulizwa swali dogo, jana umekula protini gramu ngapi. Nikajumlisha ikaja kama 30. Tunatakiwa 60 mpaka 80 kwa siku. Daktari akanichorea hesabu nyuma ya karatasi: kimfuko kinabeba kiasi kidogo kila mlo, kwahiyo ukiua mlo wa asubuhi huwezi kuufidia jioni, hakuna pa kuweka. Zamani ukikosa chai unalipiza mchana. Sasa hivi asubuhi iliyopotea imepotea. Akaniambia kula ndani ya saa moja mpaka mbili toka uamke, njaa iwepo isiwepo, kula kwa saa kama mtu anayekunywa dawa, afu rudia kila baada ya saa tatu au nne.

Nikauliza nile nini. Nikapewa karatasi.

Hiyo karatasi niliipiga picha ninayo mpaka leo. Jibini laini sijui la aina gani, yoghati ya Kigiriki, nyama ya bata mzinga iliyokatwa nyembamba, shayiri iliyosagwa, parachichi nusu. Nikatoa macho. Mi nakaa Kigamboni, bata mzinga nimemuona kwenye picha, hilo parachichi ndo kitu pekee nilichokitambua mle. Simlaumu aliyenipa, alikuwa na wagonjwa thelathini nje, lakini mtu aliyeitafsiri alitafsiri maneno tu akaacha jiko. Pale Feri samaki wanashushwa kila asubuhi hatua chache kutoka ninaposhukia pantoni na hakuna aliyeandika samaki.

Kwahiyo nikatengeneza yangu, taratibu, nikawa namuonyesha mtaalamu wa lishe kila nikienda. Yai moja ni gramu 6 hivi za protini. Maziwa au mtindi, kikombe cha mililita 250, gramu 8. Dagaa wakavu wanashangaza, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, ukiwasaga unanyunyiza kijiko kimoja kwenye chochote. Mbaazi za jana, zile ambazo watu wa Mombasa wanakula na mahamri, mi nakula mbaazi naacha mahamri, ila nazi inabidi iwe nyepesi sana la sivyo tumbo linalalamika. Kipande cha samaki aina ya changu, cha kuchoma, kidogo kama kiganja cha mtoto, hiyo ni asubuhi nzima. Kongoro nililipenda nikalazimika kulishusha cheo, nilidhani ni protini tupu kumbe nyingi ni gelatini, ambayo sio protini kamili, ni tamu kwa mafua basi. Na supu kwa ujumla ni mtego kwetu, unakula nyama na mchuzi kwa pamoja, sasa huo ni mlo au kinywaji? Natafuna nyama kwanza, mchuzi naufuata baadaye kwenye kikombe. Dada wa supu ameshazoea, ananitenganishia bila kuuliza, na wala hanitoi hela ya ziada.

Uji wa lishe nao nitauongelea kidogo kwa sababu kila mtu anaupendekeza. Una soya, karanga, sawa, lakini unateleza, unakunywa kikombe kizima haujisikii kushiba, na ukiweka sukari ndo balaa. Kuna kaka mmoja wa Tanga tulilazwa siku moja, yeye alifanyiwa bypass, ile ambayo chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko kinaingia utumbo mdogo moja kwa moja. Alikunywa uji wa sukari asubuhi yuko kwenye basi, kama dakika 20 baadaye moyo ukaanza kumpiga, jasho, tumbo linakata, ikabidi basi lisimamishwe porini. Alikuja kupona, anasimulia anacheka sasa. Siku nyingine shida hiyo inakuja kwa kuchelewa, saa moja mpaka tatu baada ya kula sukari ya mwilini inaporomoka, unatetemeka. Sisi wa slivu inatupata kidogo kuliko wao ila inatupata. Sukari kwenye chai nilipunguza kijiko kimoja kimoja mpaka nikafika sifuri, ilinichukua miezi mitatu na nilinuna yote mitatu.

Lakini shida yangu kubwa haikuwa nini, ilikuwa saa ngapi. Fikiria mwenyewe. Ninaamka saa kumi na moja. Nina kidonge cha kupunguza asidi ambacho lazima kikae tumboni patupu kama nusu saa kabla ya chakula, maana slivu na kiungulia ni ndugu. Natakiwa ninywe maji lita moja na nusu kwa siku lakini kwa mafunda madogo madogo, siwezi kugugumia, kwahiyo nikichelewa kuanza siyamalizi. Natakiwa nile kwa dakika 20, kila tonge nitafune mara 20 mpaka 30, mama anasema natafuna kama mbuzi aliyekumbuka kitu. Afu nusu saa bila kunywa. Afu ndo chai. Na saa moja na nusu niwe kwenye kiti ofisini. Kila nilivyopanga kuna kitu kilikuwa kinadondoka, na mara nyingi kilikuwa chai, na mimi bila chai sio mtu, muulize mume wangu.

Iliyonitatulia ni pantoni. Siku moja nilichelewa, nikala yai langu nyumbani nikamimina chai kwenye chupa ndogo nikaiweka kwenye pochi nikakimbilia bodaboda. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kusubiri ndo habari nyingine, mnaovuka asubuhi mnajua lile geti na ule msukumano. Nilipokanyaga upande wa Magogoni nikaangalia saa, dakika 40 toka nimeze tonge la mwisho. Nikasimama pembeni, nikafungua chupa, nikanywa chai yangu ya moto wauza samaki wananipigia kelele nisogee.

Tangu siku hiyo ndo utaratibu. Saa kumi na moja kidonge na mafunda mawili matatu ya maji, swala, maji kidogo kidogo nikiwa najiandaa. Saa kumi na mbili kasorobo nakula, yai moja, likiniingia vizuri la pili, au mbaazi, au samaki wa jana. Nikimaliza natoka. Chakula nakula Kigamboni, chai nakunywa mjini, katikati kuna bahari na siwezi kuiruka hata nikitaka. Miaka yote ile nilikuwa nalaani foleni ya pantoni.

Saa nne siku hizi naenda na wenzangu na kikopo changu cha mtindi au vipande viwili vya nyama. Kalsiamu naimeza saa hiyo, madini ya chuma nayaweka usiku kabla ya kulala, kwa sababu kalsiamu na chuma zinagombana, unatakiwa uzipishe angalau saa mbili, na chai nayo inazuia chuma kuingia mwilini. Kwa hiyo chai yetu hii haitaki mkutano na mtu yeyote, si chakula si dawa.

Wageni na ukwe ndo vilinisumbua. Kwa mama mkwe wangu Mbagala kukataa chai ni kama umemkataa yeye, na kumueleza bi mkubwa wa miaka 70 kuhusu nusu saa ni kazi nzito. Nikagundua sheria inabana zaidi baada ya kula kuliko kabla. Sasa nikifika nasema, "Mama, naomba chai kwanza, nimekuja na kiu." Naimaliza pole pole tukiongea, kikombe kinatoka, baada ya robo saa ndo naanza kudokoa cha kutafuna. Anaona nimekunywa, anaona nimekula, hajui kama nimevitenganisha. Siku moja ameniambia nimekuwa na adabu ya kula siku hizi, sipapii.

Ramadhani daktari alinizuia mwaka wa kwanza na nikatii, nikalisha maskini. Nimeshaanza kuuwazia mwaka ujao, daku itakuwaje, maana daku ya kwetu ni wali na chai na maji mengi ndani ya dakika kumi kabla ya adhana, na mimi kwa mwendo wangu itabidi niamke saa tisa. Tutaona, kwanza nitamuuliza.

Sasa nina kilo 84. Njaa imerudi, niliambiwa hilo pia, sio ile ya zamani lakini inabisha hodi kama saa moja asubuhi, na nimefurahi kuisikia kuliko nilivyotegemea.

Tatizo ni Jumapili. Jumapili siendi kazini, sipandi pantoni. Nyumbani chai iko mezani, vitafunwa viko mezani, watoto wanachovya mbele yangu bila huruma, na nusu saa inakuwa ndefu kuliko juma zima. Nimejaribu kutega alamu, naizima. Nimejaribu kwenda kufua, narudi na povu mikononi kunywa chai. Jumapili iliyopita mama alikuwepo, akapika vitumbua. Nikachukua kimoja, nikakikata vipande vinane, nikakila kikavu, chafya ikaja kwenye cha sita nikaacha. Mama akanyanyuka bila kusema kitu, akachukua kikombe changu kilichojaa akakipeleka jikoni, akarudi akakaa. Nikamuuliza amekipeleka wapi.

"Ng'ambo," akasema.

Niliinywa saa tatu na robo, ilikuwa imepoa, nikaipasha.